Kinga Inapovunja Damu: Utambuzi Kuanzia Miteremko ya Oldeani

Mlima Oldeani ulipewa jina lake na Wamaasai kutokana na mianzi inayoota juu yake. Chini ya mianzi hiyo, upande wa Karatu, yamekaa mashamba ya kahawa ambayo walowezi wa Kijerumani waliyaanzisha kati ya vita viwili vya dunia, na yaliyowavuta vibarua kutoka kila kona ya nchi. Anayeishi huku juu huamka kwenye ukungu na baridi, na malaria kwake ni haba. Akishuka hadi Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, joto humpokea na mbu humpokea. Familia nyingi huishi pande zote mbili: msimu wa kuchuma huku, msimu wa vitunguu kule.

Jambo hilo la kijiografia lina uzito mkubwa katika chumba cha daktari. Mtu anapofika zahanati akiwa amepauka, macho ya manjano na joto kidogo mwilini, na akasema kwamba wiki tatu zilizopita alikuwa Mang'ola, fikra ya kwanza ya mhudumu ni malaria. Mara nyingi fikra hiyo ni sahihi. Yanayofuata hapa yanahusu zile mara chache ambazo si sahihi, pale ambapo anayevunja chembe nyekundu za damu si kimelea, bali ni kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini wahudumu wengi wa afya wataiona sura yake na kuitambua. Mwanamke wa miaka 35, mama wa watoto watatu, anachuma kahawa. Kwa miezi miwili amekuwa akisimama mara mbili au tatu kupumzika kwenye kilima ambacho zamani alikipanda akiwa na mtoto mgongoni. Amepewa dawa ya mseto mara mbili, mara zote mbili kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hasi. Amepewa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani amenyweshwa juisi ya rozela na bitiruti. Damu yake ilikuwa gramu 7.8 kwa desilita. Sasa ni 6.1. Anaongezewa chupa moja ya damu, anapata nafuu siku chache, kisha anarudi akiwa na 5.2. Safari hii maabara inajaribu kulinganisha damu yake na chupa zote zilizopo, na hakuna hata moja inayokubali. Ndugu wanaambiwa kwamba damu yake haipatikani. Wanaanza kunong'ona mambo mengine kabisa.

Mgonjwa wa namna hii anaweza kufa wakati dawa ya kumwokoa ipo kwenye kabati la hospitali ya wilaya na ni ya bei nafuu. Kinachokosekana ni jina la ugonjwa.

Nini hutokea ndani ya mwili

Chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Uboho wa mtu mzima hutengeneza zaidi ya milioni mbili kila sekunde, na zilizozeeka huondolewa polepole na wengu na ini. Katika upungufu wa damu unaosababishwa na kinga, mwili hutengeneza kingamwili zinazozishika chembe zake wenyewe kana kwamba ni adui. Chembe iliyoshikwa inapopita kwenye wengu, seli za ulinzi huimega sehemu ya ngozi yake ya nje. Ikipoteza ngozi bila kupoteza kilichomo ndani, chembe ambayo ilikuwa bapa kama sahani hugeuka tufe dogo gumu. Tufe hilo halipenyi tena kwenye vijia vyembamba vya wengu, na huishia humo. Chembe iliyopaswa kuishi miezi minne huenda ikaishi siku chache tu.

Kingamwili hizo ni za aina kuu mbili, na tofauti yake si ya vitabuni tu kwa watu wa nyanda za juu. Aina ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, hufanya kazi katika joto la mwili. Ya pili huamka kwenye baridi: damu inapopoa kwenye vidole, masikio na pua, kingamwili hizo huzigandamanisha chembe na kuita protini za komplementi kuja kuzitoboa au kuzitia alama ya kuondolewa. Mgonjwa wa aina hii atasema kwamba asubuhi za Juni na Julai vidole vyake hugeuka bluu, na mkojo huwa mweusi baada ya siku ya baridi kali. Aina hii mara nyingine hufuata nimonia inayoletwa na mikoplazma au maambukizi mengine, kisha hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Mara nyingi sababu ya kinga kukosea hivyo haijulikani. Mara nyingine nyuma yake kuna lupasi, saratani ya mitoki, VVU, au dawa.

Maswali ambayo hayahitaji umeme

Mkojo ndio mahali pa kuanzia, na wachuma kahawa hawahitaji kuelezwa rangi kwa mafumbo. Swali linatosha: "Mama, mkojo wako wa asubuhi unafanana na chai ya rangi, au unafanana na kahawa?" Kisha macho yatazamwe kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya njano. Kisha wengu upapaswe. Kisha mgonjwa aulizwe ni dawa gani alimeza au kuchomwa katika wiki nne zilizopita, zikiwemo za dukani. Kama aliwahi kuongezewa damu na lini. Ana uzazi mangapi na mimba ngapi zilizoharibika. Kama viungo humuuma asubuhi, nywele zinanyonyoka, au uso hutoka vipele juani. Kama yuko ndugu mwenye selimundu au mwenye manjano ya mara kwa mara tangu utotoni.

Swali la mwisho linahitaji tahadhari. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 matokeo ya upimaji wake wa damu Afrika Mashariki, akionesha kwamba vinasaba vya selimundu vimejaa maeneo yenye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba Oldeani ni juu, basi selimundu isiulizwe. Lakini mashamba ya kahawa yamekusanya watu wa asili nyingi kwa karibu karne moja. Mwinuko wa nyumba ya mtu hausemi chochote kuhusu nyumba ya babu yake.

Kijiti cha kupimia mkojo ni kipimo kingine ambacho hutumika chini ya thamani yake. Kijiti kikionesha damu nyingi, na hadubini isionyeshe chembe nyekundu katika mkojo huohuo, maana yake ni kwamba hemoglobini imemwagika kutoka kwenye chembe zilizovunjikia ndani ya mishipa. Msuli uliojeruhiwa vibaya unaweza kutoa jibu kama hilo, lakini mtu aliyepauka na mwenye manjano ana sababu iliyo karibu zaidi. Hata bomba la damu likiachwa wima mezani kwa saa chache lina la kusema: majimaji ya juu yakiwa ya rangi ya majani makavu ni kawaida, yakiwa ya manjano iliyokolea au ya waridi, na damu ilichukuliwa kwa upole bila kupovuka, chembe zinavunjika.

Hemoglobini yenyewe inahitaji kusomwa kwa kuzingatia mlima. Mwili unaoishi kwenye hewa nyepesi hutengeneza damu nyingi zaidi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaelekeza kwamba kati ya mita 1,500 na 2,000 kiwango cha kuhesabia upungufu wa damu kipandishwe kwa takriban gramu 1 kwa desilita. Kwa hiyo mwanamke wa Oldeani mwenye gramu 12.3, ambaye angepita bila swali Dar es Salaam, huenda tayari ameanza kupungukiwa.

Kioo, hadubini na baridi ya asubuhi

Baada ya hapo kazi ni ya mtaalamu wa maabara, na hapa ndipo utambuzi mwingi hupotea au kupatikana. Kioo cha damu ambacho kila siku hutafutwa vimelea vya malaria kinaweza kutazamwa dakika mbili zaidi kwa sababu nyingine. Je, kuna matufe madogo meusi yasiyo na weupe katikati? Je, kuna chembe changa, kubwa kidogo na zenye rangi ya bluu-kijivu, ishara kwamba uboho unahangaika kufidia? Je, kuna chembe zenye umbo la mundu, au zilizong'atwa upande mmoja? Au kuna vipande vilivyokatikakatika kama helmeti, vinavyoashiria kwamba chembe zinapasuliwa na mishipa midogo iliyoziba, jambo ambalo ni dharura ya aina nyingine?

Kuhesabu chembe changa ni kipimo cha zamani na cha bei ndogo. Zikiwa nyingi, damu inapotea au inavunjwa na uboho unajibu. Zikiwa chache huku hemoglobini ikiwa chini, tatizo huenda liko kwenye kiwanda chenyewe, au kiwanda kimekosa asidi ya foliki, au virusi kimekizima kwa muda. Madini ya chuma hayamsaidii mgonjwa ambaye chembe zake zinavunjwa kwenye wengu, kwa sababu chuma cha chembe hizo hubaki mwilini na kutumika tena. Kinachokwisha haraka ni foliki. Kumwongezea mtu huyo vidonge vya chuma mwezi baada ya mwezi ni kumwagilia shamba ambalo tatizo lake ni nguruwe pori.

Bilirubini isiyopita kwenye ini huwa juu, na kimeng'enya cha LDH huwa juu pia. Mahali vinapopatikana, vinaimarisha shaka.

Baridi ina hila yake. Damu ya mwenye kingamwili za baridi ikikaa kwenye chumba cha maabara asubuhi ya Julai, chembe hushikana makundi ndani ya bomba. Mashine ya kuhesabu damu huyaona makundi hayo kama chembe moja moja kubwa: idadi ya chembe huwa ndogo kupita kiasi, ukubwa wake wa ajabu, na ukolevu wa hemoglobini ndani ya chembe hupanda juu ya gramu 37 kwa desilita, kiwango ambacho chembe ya kawaida haiwezi kukifikia. Mtaalamu asiyejua hurudia kipimo, anapata jibu lilelile, na kuilaumu mashine. Anayejua huliweka bomba kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu saa, hulipima upya, na hesabu hurudi sawa. Sampuli ya mgonjwa anayeshukiwa hivyo isafirishwe ikiwa na uvuguvugu. Pasipo na kifaa maalumu, chupa ya chai yenye maji yaliyopimwa joto inaweza kufanya kazi hiyo.

Kipimo kilichozaliwa ndani ya treni

Hadi katikati ya karne iliyopita, daktari aliyekuwa na mgonjwa kama huyu mchuma kahawa aliweza kukisia tu. Kingamwili za joto zina tatizo moja: ni fupi. Huweza kuishika chembe moja vizuri, lakini haziwezi kuiunganisha na jirani yake ili makundi yaonekane kwa macho. Chembe mbili zilizovikwa kingamwili ni kama watu waliosimama kwenye kingo mbili za korongo. Wananyoosha mikono na haifikiani.

Robin Coombs, Mwingereza aliyesomea kwanza udaktari wa mifugo, alisimulia baadaye kwamba daraja la korongo hilo lilimjia akilini akiwa kwenye treni yenye mwanga hafifu kati ya London na Cambridge wakati wa vita. Ikiwa kingamwili ni protini ya binadamu, sungura akidungwa protini ya binadamu atatengeneza kingamwili dhidi yake. Na hiyo kingamwili ya sungura itazishika zile fupi pande zote mbili. Mwaka 1945, pamoja na Arthur Mourant na Robert Race, alichapisha kipimo hicho. Mwaka uliofuata Boorman, Dodd na Loutit walikitumia kuwatenganisha wagonjwa waliozaliwa na chembe dhaifu na wale ambao ugonjwa wa kuvunjika damu uliwapata ukubwani: wa pili ndio waliokuwa na kingamwili juu ya chembe zao. Mwitaliano Carlo Moreschi alikuwa ameieleza kanuni hiyo tangu 1908, lakini haikutiliwa maanani.

Kipimo cha Coombs cha moja kwa moja hakihitaji mashine kubwa. Kinahitaji sampuli kwenye bomba lenye kizibo cha zambarau, maji ya chumvi safi, kimbunga cha maabara cha kuzungushia mabomba, dawa ya antiglobulini iliyotunzwa kwenye jokofu, na mtu mwenye subira. Subira ndiyo hukosekana. Chembe lazima zioshwe mara tatu au nne. Zikioshwa kwa haraka, protini zinazobaki kwenye majimaji huimaliza dawa kabla haijazifikia chembe, na jibu huwa hasi kwa uongo. Ndiyo maana kila jibu hasi lithibitishwe kwa kuongeza chembe za udhibiti zilizokwisha kuvikwa kingamwili: zisiposhikana, kipimo hakikufanyika, hata kama fomu imejazwa.

Jibu chanya nalo lisiabudiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu watoto wa Gambia wenye malaria ulikuta kwamba sehemu kubwa yao walikuwa na Coombs chanya, hasa kwa sababu ya komplementi juu ya chembe zao. Wagonjwa wengi wenye VVU pia huwa chanya bila chembe zao kuvunjwa. Na kwa upande mwingine, takriban asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa ambao kweli kinga inavunja damu yao huwa na jibu hasi kwa kipimo cha kawaida. Kipimo hiki hujibu swali moja tu: je, kuna kingamwili au komplementi juu ya chembe? Swali la kama chembe zinavunjwa limejibiwa na mkojo, kioo, chembe changa na bilirubini. Majibu hayo mawili ndiyo yakikutana hutoa jina la ugonjwa, na hapo pia kutojulikana kwa malaria lazima kuwe kumeondolewa kwa kipimo.

Dawa iliyo mkononi mwa mtoaji

Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha ni homa ya mkojo mweusi, iliyoogopwa na walowezi kuliko malaria yenyewe. Mtu alikuwa na homa, akanywa kwinini, na saa chache baadaye mkojo wake ukawa mweusi. Koch alishikilia kwamba chanzo ni kwinini. Wenzake wengi walibisha. Leo inaeleweka kwamba hakukuwa na chanzo kimoja: vimelea, kwinini iliyonywewa kwa vipindi visivyo na mpangilio, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kwa baadhi ya watu, na kwa wengine kingamwili zinazozishambulia chembe pale tu dawa inapokuwepo. Ugonjwa huo ulipungua sana klorokwini ilipochukua nafasi ya kwinini. Koch hakuwa sahihi kabisa, lakini aliuliza swali ambalo bado halijaulizwa vya kutosha kando ya vitanda: huyu alipewa nini kabla ya mkojo kubadilika?

Seftriaksoni, sindano ambayo huchomwa kila wodi nchini, ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuweza kusababisha uvunjwaji mkali wa ghafla, hasa kwa watoto waliowahi kuipata, na wenye selimundu wamo katika hatari zaidi. Metildopa, dawa ya shinikizo la damu inayopewa wajawazito, huweza kuifanya Coombs iwe chanya kwa baadhi yao baada ya miezi kadhaa, ingawa wachache tu kati yao huvunjikiwa damu.

Kisha iko artesuneti ya sindano. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionesha kwamba vifo vya malaria kali vilipungua kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Hakuna sababu ya kuiogopa. Lakini baadhi ya wagonjwa waliopona hupungukiwa damu tena kati ya siku ya 7 na wiki kadhaa baada ya tiba, wakati chembe zilizokuwa zimebeba vimelea na kusafishwa zinapofikia mwisho wa maisha yao mafupi. Kibarua aliyetibiwa malaria kali akiwa Mang'ola na kurudi Oldeani kuchuma kahawa atapauka akiwa mbali na hospitali iliyomtibu. Cheti chake cha kuruhusiwa kiandikwe tarehe ya kupimwa damu tena, na mhudumu wa huku juu akikisome kabla ya kudhani kwamba malaria imerudi.

Neno "haiendani"

Kurudi kwa yule mama mwenye 5.2. Kingamwili zake hushika karibu chembe nyekundu za kila binadamu, kwa hiyo damu ya kila mchangiaji itaonekana haiendani, na kuendelea kutafuta chupa inayokubali ni kupoteza saa ambazo hana. Miongozo ya kimataifa inakubaliana juu ya hili: mgonjwa ambaye maisha yake yako hatarini asinyimwe damu kwa sababu hiyo peke yake. La lazima ni kundi lake la ABO na Rhesus kuthibitishwa bila shaka. La pili ni kutafuta kama chini ya kingamwili hizo kuna nyingine alizozipata kutokana na mimba au damu alizowahi kuongezewa, kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kuleta athari mbaya. Mama wa watoto watatu aliyekwisha kuongezewa damu ana kila sababu ya kuwa nazo. Kwa kazi hiyo maabara ndogo ziwasiliane mapema na hospitali ya rufaa na kituo cha Kanda ya Kaskazini cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kilichoko Moshi. Damu hutolewa kidogo, polepole, muuguzi akiwa karibu, kwa lengo la kumtoa hatarini na si kumfikisha kwenye kiwango cha kawaida. Mwenye kingamwili za baridi hulazwa chumba chenye joto, na damu yake hupashwa kwa kifaa kilichoidhinishwa, kamwe si kwenye beseni la maji ya moto.

Prednisoloni huanzishwa siku hiyohiyo kwa aina ya joto, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na asidi ya foliki. Wagonjwa wengi, pengine saba au wanane kati ya kumi, huanza kupata nafuu ndani ya wiki tatu. Kabla au sambamba na dozi ya kwanza hupimwa VVU, homa ya ini ya B na sukari, na kifua kikuu hutafutwa kwa makini. Wakulima wanaotembea peku wapewe pia dawa ya minyoo ya strongiloidi, ambayo hukaa kimya mwilini miaka mingi na inaweza kusambaa na kuua kinga inapopunguzwa nguvu. Kwa aina ya baridi steroidi husaidia kidogo; huko joto na subira hufanya kazi kubwa zaidi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na ni haki aelezwe wazi. Uso utavimba, njaa itaongezeka, usingizi utapungua. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na anayeacha ghafla kwa sababu amejisikia vizuri huhatarisha maisha mara mbili: chembe huanza kuvunjwa upya, na mwili uliosahau kutengeneza homoni yake hukosa nguvu ya kuhimili ugonjwa mdogo. Homa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au mkojo kurudi rangi ya kahawa, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Ndugu wa ugonjwa huu

Kinga hiyohiyo inaweza kugeukia chembe sahani, zinazozuia kuvuja kwa damu. Mgonjwa hutoka vidoa vyekundu vidogo miguuni visivyofifia vikibonyezwa, fizi huvuja, hedhi humwagika. Mwaka 1950 William Harrington, daktari kijana wa Marekani, alijitia mwenyewe damu ya mgonjwa wa namna hii. Chembe sahani zake zilianguka ndani ya saa chache akawa mahututi, na ikathibitika kwamba kitu kinachoziharibu kimo ndani ya majimaji ya damu. Mwaka 1951 Robert Evans na wenzake walieleza wagonjwa ambao chembe nyekundu na chembe sahani hushambuliwa kwa pamoja. Kwa hiyo kila mwenye Coombs chanya ahesabiwe chembe sahani, na zikionekana chache mno kwenye mashine, kioo kitazamwe kwanza: wakati mwingine zimeshikana tu ndani ya bomba la zambarau.

Watoto wachanga ni habari nyingine ya kinga hiyohiyo, isipokuwa kingamwili ni za mama. Mama mwenye Rhesus hasi aliyejifungua mtoto mwenye Rhesus chanya anaweza kujenga kingamwili zitakazoivunja damu ya mtoto anayefuata. Sindano ya kuzuia hilo imeidhinishwa tangu 1968 na hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Akina mama wenye Rhesus hasi ni wachache Afrika Mashariki, na uchache wao ndio huwafanya wasahaulike. Kundi la damu liandikwe kwenye kadi ya kliniki hudhurio la kwanza, na mtoto wa mama wa kundi O anayegeuka manjano katika saa 24 za kwanza asielekezwe kuota jua nyumbani. Apimwe bilirubini na Coombs.

Kutoka Karatu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Si kila mgonjwa ataweza safari hiyo, lakini bomba la mililita nne linaweza. Likifungwa vizuri, likaandikwa jina, saa ya kuchukuliwa, dawa alizotumia mgonjwa na tarehe aliyoongezewa damu mara ya mwisho, na simu ikapigwa kabla gari halijaondoka, jibu linaweza kurudi kabla ya damu yake kushuka chini ya nne. Na jibu likirudi chanya, mgonjwa apewe kadi ndogo ya kubeba: kundi lake, aina ya kingamwili, mwaka zilipogunduliwa, na dawa asizopaswa kupewa. Akienda Mang'ola msimu ujao na kuugua huko, mhudumu atakayempokea ataanza na kadi hiyo.